Geuka Ubavu wa Kushoto

Bwana Zenon Wawrzyniak aliingia na chupa ya jemu
imezungushiwa gazeti, ndani mkojo wake,
akaniwekea mezani kama mtu aletaye sampuli kwa mnunuzi.
"Mwekundu," nikasema.
"Si mwekundu," akasema. "Ni zambarau iliyopitiliza jikoni dakika nne."
Miaka thelathini na mmoja alipika rangi za vitambaa
hapa hapa Zgierz, mikono wazi, bila barakoa.

Hita ilikuwa imekufa tangu Jumatatu.
Jeli baridi, theluji imebandika uso dirishani.
Nikamwomba radhi. Akasema tumbo hili limeona makubwa.

Kibofu kikajitokeza: giza,
giza jema, giza la maji,
maana kwenye ultrasaundi weusi ndio uwazi,
sauti hupita humo ikaenda zake.
Na sakafuni mwa giza lile,
bonge.
La kijivu, kubwa kama nusu kiazi,
kingo zake zimechakaa, tumboni mwake tabaka juu ya tabaka.

Nilipokuwa mwanafunzi nilimwuliza Bi Halszka:
damu iliyoganda na nyama iliyoota,
zote kijivu, nitazitenganishaje?
Hakufungua kitabu. Aliinamisha glasi yake ya chai.
Majani yakatambaa chini.
Ufa wa glasi haukutambaa.
"Usiulize linafanana na nini," akasema, akanywa.

"Geuka ubavu wa kushoto, Bwana Zenon."
Goti bovu, kitanda kinalalamika,
mkewe Czesława mlangoni, rozari imesimama kidoleni.
Ngoja.
Damu iliyoganda ni nzito, haiitiki kwa wito wa kwanza.
Nilihesabu hadi kumi na saba
na bonge likajivuta,
kama paka aliyeamshwa kitini,
bila haraka, limenuna,
likalala upande mwingine.
Nikawasha dopla. Hakuna hata cheche.
Halina mshipa. Halili, halinywi.

"Limesogea!" nikasema, na Bi Czesława akaangua kilio cha nafuu.
Sikupaswa kusema. Mimi ni wa picha,
maneno yana wenyewe, ghorofa ya tatu.

Kwa sababu pale lilipokuwa limelala,
ukutani, kulikuwa na kitu.
Kidogo. Milimita tisa. Bonge lilikuwa limekiketia.

Geuka kulia.
Kipo.
Lala chali.
Kipo.
Kohoa, Bwana Zenon.
Kipo, kimeshikilia ukuta kwa kikonyo chake.

Dopla tena: uzi mwekundu ukapanda,
ukazima,
ukapanda.

Yeye alikuwa amegeuza shingo, anatazama skrini
kwa jicho lililokagua maelfu ya majora.
"Hiyo nyekundu ni ya kweli?"
"Ni ya mashine. Nyekundu inakuja kwetu, buluu inatukimbia.
Damu yenyewe haina habari."
Akanyamaza. Mkewe bado anajipangusa machozi,
anamshukuru Mama Maria kwa jina na kwa sifa zake zote.
Akaniambia kwa sauti ya chini, sauti ya karakana
mtu anapotaka msimamizi asisikie:
"Lile kubwa lilikuwa linachuja.
Hii imeshika."

Nina majina ya Kilatini ya vitu hivi. Sikuyatafuta.

Nilipima mara tatu. Nikaandika:
ukuta wa nyuma, haisogei, ina mtiririko.
Neno lenyewe nikaliachia kamera itakayoingia Alhamisi.
Nikampa karatasi ajifute jeli.
Alianza na mikono, si tumbo. Mazoea.

Chupa wakaisahau.
Jioni, nikizima taa, niliiona:
damu imetuama chini, juu maji ya rangi ya chai,
ubavuni lebo kwa mwandiko wa mama wa nyumbani: *plamu, mavuno ya mwisho.*
Nikaiinua. Nikaiinamisha.
Yote yakasogea.